Mtunza Chombo cha Mvua

Kila siku saa moja na nusu asubuhi simu ya Jentrix ililia mlio mmoja mfupi, na yeye, awe amevaa kiatu kimoja au mswaki ungali mdomoni, aliacha yote akasoma. Ulikuwa ujumbe wa mama yake, Mama Selpha, kutoka Nyakach. "Nyathina, umeamkaje. Kuku mweupe ameatamia. Mvua 4." Kesho yake: "Nyathina, umeamkaje. Goti limepoa kidogo. Mvua 0." Nyathina ni mwanangu kwa Kijaluo, na mama huyo hakuwahi kuanza ujumbe bila neno hilo. Namba ya mwisho ndiyo iliyokuwa kazi. Hayo mengine yalikuwa mapenzi, na kampuni haikuyalipia.

Nitakueleza jinsi mapenzi hayo yalivyoisha. Nikipandisha sauti njiani unisamehe, maana kuna mambo ukiyasimulia kwa upole ni kama umeyakubali.

Jentrix alikuwa andaraita. Usiniulize jina lake la vitabuni, hata wenyewe ofisini hawakuwa nalo. Ukitaka bima, anayekujia na tabasamu na kalenda ya bure ni wakala. Lakini nyuma ya wakala kuna mtu amekaa, humwoni, anaisoma fomu yako na kujiuliza: duka la huyu litaungua? Ghala lake litaingia maji? Moyo wake utadumu miaka mingapi? Kisha anaamua kama kampuni ikubebe au ikukatae, na ikikubeba, kwa bei gani. Huyo ndiye andaraita. Ni kazi ya kuwashuku watu kwa heshima, na Jentrix aliiweza.

Aliingia kampuni ya Kivuli, tawi la Kisumu, kama karani wa kupanga mafaili. Akasomea mitihani ya bima usiku na wikendi, mmoja baada ya mwingine, kwa miaka kumi na miwili. Mama yake ndiye aliyelipa ile ya kwanza, kwa mpunga wa shamba lake kule karibu na Pap Onditi. Kwenye korido ya ofisi kulikuwa na bango la ngazi, limechorwa kijana anapanda huku akicheka: karani, andaraita msaidizi, andaraita, mkuu wa kanda. Jentrix alikuwa amesimama kwenye kidato cha tatu miaka sita. Mara mbili walimletea mtu kutoka Nairobi ampite. Wa pili alibeba banda la samaki pale Dunga bila kwenda kuliona, wakati kila mchuuzi wa omena alikuwa akijua ziwa limepanda mpaka mlangoni. Banda likazama, kampuni ikalipa, na bwana yule akapandishwa cheo akarudi Nairobi. Jentrix alimsindikiza kwa keki. Alitabasamu kwenye picha, lakini moyoni alikuwa akiwaka.

Mkuu wa kanda wakati huo alikuwa Mzee Mohinder, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, mtu wa kilemba safi na maneno machache. Ofisini kwake, pembeni pa kabati, zilisimama gambuti zake nyeusi. Kila ombi kubwa lilipokuja, alizivaa akaenda kuliona jambo kwa macho yake: kiwanda cha magodoro, duka la rangi, ghala la sukari pale Mamboleo. Ndiye aliyemfundisha Jentrix kutazama alama za maji ukutani, kunusa nyaya, kumuuliza bawabu kabla ya kumuuliza mwenye mali. "Karatasi inaandikwa na anayetaka bima," alikuwa akisema. "Ukuta hauna haja ya bima, kwa hiyo usikilize ukuta."

Mzee Mohinder alikuwa anastaafu mwisho wa Juni, na kiti chake ndicho kitu pekee alichokitaka Jentrix duniani.

Januari mwaka huo akaja Cliff kutoka Nairobi, mkuu wa maandaraita wote, mdogo kwa Jentrix kwa miaka sita, amenyoa vizuri na viatu havijui tope. Alimpeleka Dunga wakale samaki. Ngege alipofika mezani, mzima na kichwa chake, Cliff akamgeuza mara mbili kwa uma kama anayetafuta mahali pa kusaini.

"Jentrix, tusizungukane," akasema. "Kiti cha Mzee nikikiangalia naona jina lako. Lakini siwezi kupeleka jina tupu kwa wakubwa. Nipe kitu."

Kitu chenyewe kilikuwa bima ya mafuriko kwa wakulima wadogo. Haikuwa bima ya kawaida, ya mkaguzi kuja kuhesabu mimea iliyokufa. Hii iliamuliwa na chombo cha kupimia mvua. Kinasimikwa mahali pamoja, kinasomwa kila asubuhi. Kikionyesha milimita tisini za mvua ndani ya siku mbili, kila mwanachama analipwa, hata kama shamba lake halijaguswa. Kisipoonyesha, halipwi mtu, hata kama ng'ombe wanaogelea. Ni rahisi na ni nafuu, wala haina ubishi.

"Nyakach ni kwenu, sivyo?" Cliff akauliza. "Hapo watu wanafurika, kwa hiyo watanunua. Wewe wanakuamini. Nataka tu msimu wa kwanza usitutie hasara. Hilo likipita, mengine niachie mimi."

Jentrix alirudi ofisini. Akamwonyesha Mzee Mohinder karatasi. Mzee alisoma hadi mwisho, akavua miwani.

"Hayo mafuriko yenu," akauliza, "mvua yake hunyesha wapi?"

Swali hilo mtoto yeyote wa Nyakach anajua jibu lake. Maji yanayozamisha mashamba ya kule hayanyeshi pale. Yananyesha juu, kwenye milima ya Kericho, usiku, na wewe wa tambarare huenda hujapata hata tone. Unaamka asubuhi jua limetoka, anga la buluu, na mto umeshaingia jikoni.

"Juu, Mzee. Kericho."

"Basi chombo kiweke juu."

"Kikikaa juu kitalipa karibu kila mwaka. Bei itapanda, hakuna mkulima ataiweza. Cliff ataitupa."

"Basi mwambie Cliff hatari hii haibebeki kwa bei hiyo. Kukataa pia ni kazi ya andaraita."

"Kukataa hakujawahi kumpandisha mtu cheo, Mzee."

Mzee Mohinder akarudisha miwani machoni, akaendelea na faili jingine. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema wahenga. Tatizo la methali hiyo ni kwamba haisemi guu la nani.

Jioni ile Jentrix aliandika pendekezo lake. Mahali pa kusimika chombo: uwanja wa kanisa, karibu na soko la Pap Onditi. Sababu: wanajamii watakiona kwa macho yao na watakiamini. Sentensi ilikuwa ya kweli, neno kwa neno. Hapo ndipo ubaya wake ulipo. Cliff alijibu kwa kidole gumba kimoja.

Jumapili moja ya Februari, baada ya ibada, Jentrix na wakulima wakakutana kanisani. Mwenyekiti wa kikundi cha wakulima alikuwa Mwalimu Opondo, mstaafu, mtu wa suti moja na msimamo. Mchungaji alikiombea chombo kile kama anavyoombea pikipiki mpya, mikono juu, macho yamefumbwa. Mama Selpha alikaa mstari wa mbele na kitambaa chake cha kanisa. Kila binti yake aliposema neno gumu, aligeuka kuwatazama waliokaa nyuma, wamwone vizuri huyo ni wa nani.

Jentrix alieleza yote, milimita tisini, siku mbili, malipo kwa simu. Akauliza kama kuna swali. Atieno, jirani yao, mwanamke mwenye shamba linalopakana na la Mama Selpha, akasimama.

"Dada Jentrix, na yale maji ya kutoka juu je?"

Jentrix alimtazama Atieno, akaona mbele yake njia mbili, na moja ilikuwa fupi sana.

"Mvua ni mvua, dada," akajibu. "Ikinyesha sana, chombo kitasema."

Atieno alibaki amesimama. Labda angeuliza tena, lakini Mwalimu Opondo aliinua mkono.

"Yawa, Atieno, keti. Wengine walikuja hapa na makaratasi yao tukawafukuza. Huyu ni nyar Nyakach, binti wa hapa hapa. Akitudanganya, atarudi kwa mama yake na uso gani?"

Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakapanga foleni kutia sahihi. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani hukagua nguo yake siku ya Jumapili?

Ikabaki kumchagua wa kusoma chombo. Hakukuwa na ubishi. Walimchagua Mama Selpha kwa sauti moja, kwa kuwa ni mtu asiyejua uongo. Huyu ndiye aliyewahi kutembea hadi Pap Onditi juani kurudisha shilingi ishirini za chenji. Jentrix alimfundisha hapo hapo: piga goti, jicho liwe sawa na maji, soma, mwaga, andika kwenye daftari, tuma. Mama akarudia mara tatu, ulimi umebana kwenye meno kama mwanafunzi. Wakamkabidhi ufunguo wa kijizizi cha waya kilichokizunguka chombo. Alipomsindikiza binti yake hadi kwenye gari alimshika mkono.

"Sasa mimi na wewe tunafanya kazi kampuni moja," akasema, akacheka hadi machozi yakamtoka.

Jentrix naye alicheka.

Machi ikapita na ujumbe wake wa kila siku. Mama alifuta kinyesi cha ndege kwenye chombo kwa pindo la kanga. Alimfukuza mbuzi wa mchungaji aliyekuwa akijikuna kwenye waya. Mvua 11. Mvua 6. Kuku mweupe ametotoa tisa. Kule Nairobi, Cliff alisifu daftari la Nyakach mbele ya watu: halikosi siku.

Aprili, siku ya Jumatano, ujumbe ulikuja saa moja na nusu kamili. "Nyathina, umeamkaje. Jua limetoka zuri. Mvua 0. Maji yameingia."

Jentrix alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Usiku milima ilikuwa imepasuka, na mto ulikuwa umeshuka na kila ulichokikuta. Mpunga uliokuwa umeanza kutoa masuke ulilala chini ya maji ya rangi ya chai. Mbuzi walikwenda, vyoo vikabomoka, na kufikia mchana watu walikuwa wakihamia shuleni na magodoro kichwani. Kanisa limejengwa kwenye mwinuko, kwa hiyo chombo kilibaki kimesimama salama, kikavu kabisa.

Alhamisi: "Nyathina, umeamkaje. Tumelala shuleni. Nimevuka maji kusoma chombo. Mvua 0."

Siku hiyo Jentrix alifungua barua pepe akaanza kumwandikia Cliff. Aliandika kwamba watu wamefurika kweli, kwamba kampuni ingeweza kuwalipa kwa hiari, kwa kuwa mvua ilinyesha Kericho na chombo kiko Pap Onditi. Hapo mkono ukasita. Cliff si mjinga. Angeuliza swali moja tu: na wewe ulijua hilo tangu lini? Alilitazama lile neno Kericho kwenye kioo kwa muda mrefu. Kisha akafuta herufi moja moja, kutoka mwisho hadi mwanzo, akafunga laptopu akaenda kunywa chai. Nataka ujue kwamba hakulia. Angelia ningekuwa na huruma naye kidogo.

Cliff alipiga simu wiki iliyofuata.

"Jentrix! Kanda nzima imezama, kampuni zingine zinalia machozi, na sisi hatujatoa hata shilingi. Hata moja! Wakubwa wanauliza huyu andaraita wa Kisumu ni nani. Hii ndiyo inaitwa kazi."

"Watu wamepoteza mazao, Cliff."

"Pole yao. Lakini chombo ni chombo. Si wewe uliniambia watakiamini?"

Barua ilikuja Mei, kwenye bahasha nene ya rangi ya maziwa. Mkuu wa kanda ya ziwa, kuanzia tarehe moja Julai. Jentrix aliisoma akiwa amejifungia chooni. Furaha ilikuja kweli, tusimsingizie, lakini aliikunja barua akaitia mkobani bila kumwonyesha mtu.

Siku ya mwisho ya Mzee Mohinder kulikuwa na keki tena. Baada ya watu kutawanyika, mzee alimkabidhi funguo za kabati, moja baada ya nyingine, akieleza kila moja ni ya nini. Kisha akainama, akazichukua zile gambuti pembeni, akazitia kwenye mfuko wa plastiki.

"Mzee, nilifikiri utaniachia," Jentrix akasema, akijaribu kutania.

"Za nini?" mzee akamuuliza, wala hakuwa na hasira. "Wewe ulijua bila kwenda kuona."

Akabeba mfuko wake akashuka ngazi polepole, akishikilia ukuta.

Jumamosi Jentrix alikwenda nyumbani. Tangu maji yaingie alikuwa ametuma pesa, alikuwa amepiga simu, lakini yeye mwenyewe hakuwa amefika, na visingizio vya kazi vilikuwa vimemwishia. Alijaza gari: unga, sukari, blanketi, godoro jipya. Nyumba ya mama ilikuwa na mstari wa tope ukutani, umenyooka kama umepigwa rula, usawa wa goti. Jentrix aliutazama ule mstari kwa jicho la kazi, akakadiria sentimita kabla hajajikataza.

Mama alikuwa jikoni. Alimkumbatia, akambariki, akampa kigoda. Atieno alipita njiani na jembe begani. Jentrix akamwita kwa jina. Atieno aliendelea kutembea kama aliyeitwa na kuku.

"Mwache," mama akasema. "Hata mimi hanisalimii."

"Kwa nini wewe, Mama? Wewe umekosa nini?"

Mama Selpha alichochea moto, akakaa vizuri.

"Siku ya pili ya maji, Mwalimu Opondo alinijia pale kwenye chombo, na jagi mkononi. Wengine wamesimama nyuma yake, Atieno akiwemo. Akaniambia, 'Mama Jentrix, wewe angalia upande ule tu. Sisi majumbani mwetu maji yanafika magotini, na hiki kikopo kinatuambia hakuna maji. Kati yetu na kikopo, nani mwongo?' Na haki ilikuwa yake, nyathina. Mtu analowa halafu anaambiwa yu mkavu."

"Ukafanyaje?"

"Nikawaambia, nikimwaga maji humu, mwanangu atamwaga unga. Watasema mama yake ni mwizi, watamfukuza kazi. Nikapiga goti, nikasoma, nikaandika sifuri. Nikafunga kufuli, ufunguo nikautia kifuani. Mwalimu alilia, mtu mzima yule. Atieno akasema neno ambalo sitalirudia."

Jentrix alishindwa kunyanyua macho. Mama akaendelea kwa sauti ile ile ya kila siku.

"Sasa kisimani wakiniona wanaondoka. Kanisani benchi ni langu peke yangu, najinyoosha nitakavyo. Si kitu. Na kile kiti, nyathina? Kile ulichoniambia, cha yule mzee Mhindi."

Barua ilikuwa mkobani. Jentrix alikuwa ameibeba ili amwonyeshe, alikuwa amepanga hata namna ya kuifungua.

"Nimepewa, Mama."

"Asante Yesu!" Mama Selpha alipiga makofi mara moja, akafumba macho. "Basi haikuwa bure."

Kuna vipigo vya fimbo na kuna vipigo vya aina hiyo, na mimi ningechagua fimbo. Jentrix alitaka kusema kitu. Alifungua kinywa, moshi ukaingia, akakohoa. Mama akampa maji, akamngoja atulie.

"Kuna jambo moja tu nataka nikuulize, liniishe rohoni," mama akasema. "Atieno anazunguka akisema ulijua. Kwamba alikuuliza siku ile kanisani na wewe ukamzunguka. Nimemwambia hapana. Nimemwambia watu wa ofisini mambo yanawajaa kichwani, wanasahau vitu vya nyumbani. Ulisahau, sivyo?"

Alikuwa amemfungulia mlango, mama wa watu, na alikuwa ameushikilia kwa mikono miwili ili mwanawe apite.

"Nilisahau, Mama," Jentrix akajibu.

Mama Selpha alikoroga mboga. Alikoroga muda mrefu kuliko mboga ilivyohitaji. Kupitia mlango wa jikoni kilionekana kichuguu kikubwa nyuma ya zizi tupu, kimeota nyasi kichwani.

"Ulikuwa na miaka saba," akasema bila kugeuka. "Kila asubuhi ya masika nilikutuma upande pale juu, uangalie milima ya Kericho. Hapa jua linawaka, lakini ukisema milima ni myeusi, tunahamisha mbuzi. Baba yako alikuwa akibisha, anasema ni mtoto. Mimi nilikuwa nakuamini. Hukukosea hata siku moja."

Mama akapakua chakula, sahani ikajaa, kipande kikubwa cha kuku kikawa juu. Alikuwa kuku mweupe. Aliiweka sahani mbele yake, akanawa mikono, akatoka nje kuanua nguo, na hakurudi kula naye.

Jioni, Jentrix alipowasha gari, mama alisimama mlangoni akainua mkono kama anavyomwinulia mgeni yeyote. Godoro jipya lilikuwa bado barazani, ndani ya nailoni yake.

Jumatatu, tarehe moja Julai, Jentrix alifika ofisini saa moja na robo. Alifungua mlango wa Mzee Mohinder kwa ufunguo wake mwenyewe. Jina lake lilikuwa limeshabandikwa. Pembeni pa kabati, pale zilipokuwa zikisimama gambuti, sakafu ilikuwa na alama mbili safi ambazo vumbi halikuzifikia. Alikaa kwenye kiti. Kilikuwa kiti cha kawaida, kinalia kidogo ukiegemea. Juu ya meza kulikuwa na karatasi za Cliff: bima ya chombo ipelekwe kata tatu zaidi za Nyakach, kwa mpango ule ule, sahihi hapa chini. Akachukua kalamu, akaiweka, akatazama saa.

Saa moja na nusu kamili simu ikalia mlio wake mmoja. Jentrix aliinyakua kwa mikono miwili.

"0"

Alidhani ujumbe umekatika. Aliufunga akaufungua. Akazima simu, akaiwasha, akaangalia kama kuna mwingine umechelewa njiani, maana mtandao wa kule mara nyingine husumbua. Watu wakaanza kuingia ofisini, wakabisha hodi, wakampongeza, mmoja akaleta maua. Aliwashukuru wote huku simu iko kiganjani. Mchana ukafika, jioni ikafika, hakuna kingine kilichokuja.

Kesho yake, saa moja na nusu kamili, ulikuja mwingine.

"3"